Iraq 2003: waliojua hawakuwa na kalamu (jibu kwa mwenye banda la video Newala)

Swali limekuja refu, nalifupisha hivi: "Mwalimu shikamoo. Nina banda la video huku Newala, nimepata dokumentari moja ya mwaka 2007 kuhusu vita ya Iraq, Wamarekani wenyewe wanahojiwa, maofisa na mabalozi, wanalaumiana mwanzo mwisho. Sasa nauliza, jeshi lile lilichukua Baghdad wiki tatu tu, ikawaje nchi ikawashinda miaka yote ile? Ulikuwa uzembe au walikusudia nchi isambaratike wabebe mafuta? Na lile la kuvunja jeshi la Saddam ndo chanzo cha yote kama filamu inavosema? Mzee wangu alikuwa JWTZ, aliingia Kampala 1979, anasema sisi hatukufanya upuuzi ule. Nataka niionyeshe kwa watu nikitafsiri mwenyewe kwenye maiki, sitaki nidanganye mtu."

Marahaba mdogo wangu. Msalimie mzee, huko mbele nitamgusa kidogo, asininunie.

Nikupe jibu kwanza alafu ndo tuchambue. Haukuwa uzembe wa kusahau, na njama iliyopangwa mwanzo mpaka mwisho sioni ushahidi wake. Yalikuwa ni maamuzi, yamefanywa na watu wachache wenye akili zao timamu waliokuwa na haraka, na wakati huohuo watu walioijua Iraq walikuwepo humohumo serikalini, wameandika, wameonya, wakawekwa pembeni. Hilo dokumentari yako inalionyesha vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba wanaoongea humo wengi ndo haohao waliowekwa pembeni, kwa hiyo ukiitafsiri kama ilivyo watu watatoka bandani wakiamini kwamba angesikilizwa fulani na fulani basi vita ingekuwa safi. Hapo ndo uwe makini na maiki yako.

Sasa tuanze. Vita imeanza tarehe 20 Machi 2003, Baghdad ikaanguka tarehe 9 Aprili, ile siku sanamu ya Saddam inavutwa chini pale uwanja wa Firdos. Tarehe 1 Mei Rais Bush akatua kwenye manowari ya kubeba ndege, nyuma yake bango linasema kazi imekamilika. Kijeshi kweli ilikuwa kazi ya haraka. Lakini kupindua serikali na kushika nchi ni kazi mbili tofauti, hii ya pili inataka watu wengi, wa kusimama kwenye njia panda, mlango wa benki, mlango wa hospitali, usiku na mchana, na watu hao hawakupelekwa.

Na sio kwamba hakuna aliyesema. Mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Eric Shinseki, aliulizwa na maseneta tarehe 25 Februari 2003, karibu mwezi mmoja kabla ya vita, akasema itahitajika kama laki kadhaa za askari kuishika Iraq baada ya ushindi. Siku mbili baadaye Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, akaenda bungeni kulekule akasema makadirio hayo yamepotea mbali kabisa. Piga hesabu mwenyewe. Watu wanaosomea kazi hizi wana kipimo chao cha kukadiria, askari 20 kwa kila raia 1,000 kama nchi unataka itulie, Iraq ilikuwa na watu kama milioni 25, zidisha hapo unapata askari laki 5. Wamarekani walioingia walikuwa kama laki na nusu, yani sita tu kwa kila raia elfu moja. Na mwaka 1991, kuwatoa Wairaq Kuwait tu, bila kuitawala nchi yao hata siku moja, walipeleka zaidi ya laki 5!

Kwa nini wachache hivo? Kwa sababu Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi, alitaka kuthibitisha kwamba jeshi la kisasa ni dogo, jepesi, lenye kompyuta na makombora ya kulenga, halihitaji umati. Na kwenye vita ya kupigana alikuwa sahihi bana, tusimnyime. Mpango wenyewe ulitarajia mpaka Septemba 2003 wawe wamebaki kama elfu 30 hivi. Soma hiyo tena. Miezi mitano baada ya kuangusha serikali iliyotawala kwa bunduki zaidi ya miaka 20, wawe wamebaki elfu 30. Mpango wa kuondoka walikuwa nao, wa kukaa hawakuwa nao, na nchi inashikwa na anayekaa.

Ofisi ya kuitawala Iraq baada ya vita ilianzishwa tarehe 20 Januari 2003, miezi miwili kabla ya risasi ya kwanza, chini ya jenerali mstaafu Jay Garner. Linganisha na Ujerumani, Wamarekani walifungua chuo cha kufundisha maofisa wa kutawala maeneo yatakayotekwa mwaka 1942, Hitler bado ana miaka mitatu ya kuishi. Na Garner hata vifaa alivyopewa hakuruhusiwa kuvitumia vyote. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekaa na Wairaq wa uhamishoni, wanasheria, wahandisi wa umeme, madaktari, wamegawanyika kamati 17, wameandika makabrasha kwa makabrasha kuhusu nini kitatokea, mpaka habari ya uporaji waliitaja. Aliyekuwa anasimamia kazi ile Garner akamchukua kwenye timu yake, Rumsfeld akamwambia mtoe. Ugomvi wa wizara mbili tu huo, ulinzi na mambo ya nje, hawapikiki chungu kimoja, na aliyelipia ni mtu wa Baghdad ambaye hata majina yao hayajui.

Uporaji sasa. Hapa usikimbie, sehemu hii ya filamu iache watu waione taratibu, maana kwangu mimi nchi ilipotelea hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Baada ya tarehe 9 Aprili polisi wa Saddam walivua magwanda wakaenda majumbani, na Wamarekani hawakuwa na amri ya kufanya kazi ya polisi. Kwa hiyo watu wakaingia. Kwanza viti na feni na majokofu, alafu nyaya za umeme zinang'olewa ukutani kwa ajili ya shaba, alafu mabomba, mwisho jengo linachomwa moto. Wizara nyingi za serikali zilibaki magofu, hospitali zikaporwa, Maktaba ya Taifa ikaungua. Kwenye Makumbusho ya Taifa, palipohifadhiwa vitu vya miaka elfu tano na zaidi, mfanyakazi mmoja, kama magazeti ya wakati ule yalivyoripoti, alitoka kwenda kuwaomba askari wa kifaru waje, wakaja kweli, wakapiga risasi juu, waporaji wakatawanyika, baada ya kama nusu saa wakaondoka na waporaji wakarudi. Vilipotea vitu kama 15,000. Kuna chombo kimoja cha jiwe kinaitwa chombo cha Warka, kimechongwa watu wanapeleka sadaka kwa mungu wao, ni kati ya vitu vya zamani kabisa vya aina hiyo duniani, kilirudishwa Juni 2003 vipande vipande na vijana watatu ndani ya Toyota nyekundu, hawakutaja majina wakaenda zao.

Wizara ya mafuta ililindwa. Vifaru vilikaa pale getini tangu mwanzo. Sisi watu wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa sana hapo, gesi ya Mnazi Bay imetufundisha kuangalia mlinzi amesimama mlango gani. Mwiraq aliyeona wizara ya elimu inaungua na ya mafuta ina vifaru alifunga hesabu yake siku ileile, na hakuna hotuba iliyoweza kuifungua tena. Alafu tarehe 11 Aprili Rumsfeld akaulizwa na waandishi, akajibu kwa mzaha kwamba mambo hutokea, uhuru nao una vurugu zake.

Kingine ambacho watu hawakioni kwa sababu makumbusho na majengo yanayowaka yanapendeza zaidi kwenye kamera ni maghala ya silaha. Iraq nzima ilikuwa imejaa maghala, mabomu na makombora ya mizinga yamepangwa tu, mengi hayana mlinzi. Kwenye eneo moja linaitwa Al Qaqaa peke yake zilipotea tani zaidi ya 300 za baruti kali, wakaguzi wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameipiga lakiri kabla ya vita. Yale mabomu ya kutegwa barabarani yaliyokuja kuua maelfu ya askari mengi hayakutoka Iran wala mbinguni, malighafi yake ilikuwa ndani ya nchi, bure, unaenda na pikapu unapakia.

Swali lako la mafuta nilimalize hapahapa. Mafuta walikuwa nayo kichwani, ndio. Wolfowitz aliwaambia wabunge mwezi uleule wa Machi kwamba Iraq ni nchi tajiri, itajilipia ujenzi wake yenyewe muda si mrefu. Haikutokea, walipa kodi wa Marekani walitoa kama dola bilioni 60 za ujenzi na mabilioni kati ya hizo yakaenda na maji. Na mwaka 2009 Iraq ilipoanza kugawa maeneo ya mafuta kwa mnada, eneo kubwa kuliko yote, Rumaila, wakachukua BP wa Uingereza pamoja na kampuni ya serikali ya China. Exxon wa Marekani nao walipata lao baadaye. Kama lengo lilikuwa kuvunja nchi ili wabebe mafuta basi walivunja wao akabeba na Mchina, ukiniuliza mimi hiyo njama mbovu.

Haya, jeshi. Garner alikuwa tayari anaongea na maofisa wa Iraq warudishwe wafanye kazi za ujenzi na ulinzi, na tarehe 12 Machi Bush mwenyewe alikaa kikao kilichokubali jeshi la kawaida libaki. Alafu Garner akabadilishwa. Tarehe 12 Mei akaingia Paul Bremer, hajui Kiarabu, hajawahi kufanya kazi Iraq. Tarehe 16 Mei anatoa amri namba moja, wanachama wa ngazi nne za juu za chama cha Baath, chama cha Saddam, wafukuzwe serikalini wote, makumi ya maelfu ya watu, humo wapo walimu na wahandisi waliochukua kadi kwa sababu bila kadi hupandi cheo. Wazee wetu wa enzi za chama kimoja wanaelewa kadi ya chama ilikuwa ni nini. Tarehe 23 Mei anatoa amri namba mbili, jeshi limevunjwa, na wizara ya ulinzi, na vyombo vya usalama. Karibu laki 4 wa jeshi peke yake. Bila mshahara, bila pensheni, na silaha wanazo nyumbani.

Ni sawa na kuwafukuza walinzi wote wa ghala la korosho kwa mpigo, hujawalipa, na funguo wamebaki nazo.

Kuna kanali wa Marekani, Paul Hughes, kwenye filamu yako atakuwepo, alikuwa anakutana na maofisa wa Iraq Baghdad, wamemletea orodha ya askari zaidi ya laki moja walio tayari kujiandikisha, wanachotaka ni malipo kidogo ya dharura, dola 20 kila mtu. Alikuwa likizo kwao Marekani akasikia kwenye habari kwamba jeshi limevunjwa. Basi. Tarehe 18 Juni askari waliofukuzwa waliandamana mbele ya ikulu ya zamani wakidai mishahara, Wamarekani wakafyatua risasi, wawili wakafa. Siku tano baadaye, tarehe 23 Juni, ndo Bremer anatangaza watalipwa posho. Pesa ilikuwepo, unaona? Ilichelewa mwezi mmoja, na mwezi ule ulitosha.

Ila na Bremer tumtendee haki, hii ndo sehemu ya kumwambia mtazamaji wako kwa sababu filamu imetoka kabla mambo hayajawekwa wazi. Hoja yake ilikuwa kwamba jeshi lilishajivunja lenyewe, kambi zimeporwa mpaka masinki, askari wa kawaida walikuwa Mashia waliolazimishwa kuingia jeshini na wasingerudi kwa maofisa waliokuwa wakiwapiga, na Wakurdi wangeliona jeshi lile linarudi wangejitenga siku hiyohiyo. Hoja ya Wakurdi ina uzito, watu walipigwa kwa gesi ya sumu na jeshi lile mwaka 1988, huwezi kuwaambia wavumilie. Alafu Septemba 2007 Bremer akatoa barua hadharani, alimwandikia Bush tarehe 22 Mei 2003 kumjulisha kwamba anavunja vyombo vya Saddam vya kijeshi, na kesho yake Bush akamjibu kwa kumsifu. Kwa hiyo ile picha ya bwana mmoja aliyefika na mkoba wake akaivunja nchi peke yake usiiuze sana. Rais alijulishwa. Ila waziri wa mambo ya nje, Colin Powell, hakuulizwa, na amri kubwa ya vita ile ikatoka hivo, kama barua ya uhamisho wa mwalimu.

Je ndo chanzo cha yote? Hapana, na hapa filamu nyingi za vita hii zinateleza. Tarehe 28 Aprili, karibu mwezi mzima kabla ya amri ile, Wamarekani walikuwa wamepiga kambi kwenye shule ya mji wa Fallujah, wananchi wakaandamana watolewe watoto wasome, askari wakafyatua, watu 17 wakafa. Wamarekani wanasema walianza kupigwa wao, wenyeji wanakataa. Lakini Fallujah ndo uliokuja kupigwa vita kubwa mara mbili mwaka 2004. Kwa hiyo moto ulishawaka, kuvunja jeshi kuliuletea kuni na watu wanaojua kuzipanga. Mwezi Agosti 2003 lori la mabomu likalipua ofisi za Umoja wa Mataifa Baghdad, akafa mjumbe wao Sérgio Vieira de Mello na wengine zaidi ya 20. Aprili 2004 zikatoka picha za gereza la Abu Ghraib, askari wa Marekani wanawavua wafungwa nguo na kuwadhalilisha, na picha zile nadhani ziliajiri wapiganaji kuliko mhubiri yeyote. Februari 2006 ukalipuliwa msikiti mtukufu wa Mashia Samarra, ikawa Shia na Sunni wanauana jirani kwa jirani.

Na filamu yako imeishia 2007, kwa hiyo haijaona mwisho wa habari. Miaka ile vijana waliokamatwa walirundikwa kambi moja na maofisa wa zamani na wenye itikadi kali, Camp Bucca ilikuwa maarufu kwa hilo, wakafundishana. Kundi la Dola ya Kiislamu lilipochukua Mosul Juni 2014 waliolipanga walikuwemo makanali wa Saddam. Na jeshi jipya, lililojengwa na Wamarekani kwa mabilioni, likakimbia likaacha magari. Novemba mwaka huo waziri mkuu Haider al-Abadi akatangaza kwamba wamekuta askari hewa elfu 50 kwenye orodha ya mishahara. Sisi tunawajua wafanyakazi hewa, ila wewe fikiria vita unaipigana na askari hewa.

Sasa mzee. Mzee ana haki ya kujivunia, vita ile tulichokozwa, Idi Amin ndo alivuka kuja Kagera, na tulifanya kitu Wamarekani hawakufanya, kabla ya kuingia Kampala Waganda waliitwa Moshi, Machi 1979, wakaunda serikali yao. Lakini muulize wiki ya kwanza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na mji uliporwa siku kadhaa mchana kweupe, maduka, ofisi, makabati yanabebwa kichwani, askari wa Amin wamekimbia, polisi hakuna, na wetu hawakuja kwa kazi hiyo. Tofauti na Baghdad ni ndogo kuliko anavyodhani. Rais wa kwanza baada ya Amin, Yusuf Lule, alidumu siku 68. Jeshi la Amin halikukaa kuandikishwa, lilikimbilia Sudan na Zaire, na Oktoba 1980 walirudi kwa silaha West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukalalamikiwa, Februari 1981 Museveni kaingia msituni. Sisi tulikaa kule karibu miaka miwili, na nyumbani hali ikawa ile ya kufunga mkanda, foleni za sukari na sabuni, wazee wa Newala wanaikumbuka. Simsemi vibaya mzee, askari alifanya kazi yake. Ninachosema ni kwamba hata nia ikiwa safi na sababu ikiwa ya haki, siku ya pili ni tabu yake peke yake.

Na hapo ndo narudi kwenye kasoro ya dokumentari. Angalia ni nani amekaa kwenye kiti. Balozi, kanali, afisa wa wizara, mwandishi. Wengi walikuwepo, wanaongea kwa uchungu wa kweli na mimi nawaamini kwenye tarehe na vikao kwa sababu nyaraka zinawaunga mkono. Lakini mtu aliyeshindwa ubishi ofisini ana njia yake ya kusimulia, kosa linakuwa ni kutosikilizwa yeye. Hakuna anayeulizwa vizuri, sasa ulienda kufanya nini kule? Maana sababu waliyoipa dunia ilikuwa silaha za maangamizi, Powell alisimama Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003 na picha na kanda za sauti, na waliopelekwa kuzitafuta baada ya ushindi wakarudi wakasema ghala la silaha hizo halipo. Waingereza walichunguza upande wao miaka saba, ripoti ikatoka Julai 2016, ikasema njia za amani hazikuwa zimeisha. Ukiliruka hilo, vita inageuka kuwa mradi mzuri ulioharibiwa na mkandarasi.

Wairaq je? Wapo, wachache, na wanaongea sekunde chache, mara nyingi wanalia au wanapiga kelele barabarani. Askari wa Marekani waliokufa kule ni karibu 4,500, wanajulikana kwa majina mmoja mmoja. Raia wa Iraq waliokufa kwa vurugu, wale tu walioweza kuthibitishwa kwa habari na kumbukumbu, mpaka Wamarekani wanaondoka Desemba 2011 walikuwa zaidi ya laki moja, na wanaotumia njia nyingine za kukadiria wanataja namba kubwa zaidi.

Watu watakuuliza ya huku kwetu pia, jiandae. Mpaka wa Ruvuma sio mbali, Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, ilishambuliwa na wapiganaji wenye itikadi kali Oktoba 2017, Oktoba 2020 risasi zikafika Kitaya upande wetu, na Agosti 2021 Wanyarwanda na jeshi la Msumbiji waliukomboa mji ule wa Mocímboa. Kuukomboa ilichukua wiki chache. Mashambulizi kwenye mkoa ule, Cabo Delgado, hayakuishia hapo. Usilinganishe kila kitu, Msumbiji hakuna aliyepindua serikali, ila swali la nani anarudisha polisi, shule na kazi kwa kijana wa pwani mji ukishachukuliwa ni lilelile.

Kuhusu kuionyesha, ionyeshe. Sehemu ya uporaji usiongee sana, picha zinatosha. Ukifika kwa Bremer simamisha uwaeleze zile barua zilizotolewa Septemba 2007 kwa sababu humo hazimo. Majina ya maofisa yasikusumbue, sema tu "huyu wa wizara ya ulinzi, huyu wa mambo ya nje", watu watafuata, ugomvi wa maofisi hakuna asiyeujua. Kuna picha za maiti na za Abu Ghraib, kwa hiyo sio ya kuweka Jumamosi mchana watoto wa shule wakiwa wamejaa mbele, weka usiku baada ya mpira, na kama mzee atakubali mkalishe jirani na maiki, maana swali la Kampala litaulizwa na yeye ndo atalijibu vizuri kuliko mimi.